Waalimu wa Safari na Waalimu wa Kukaa

Watu wengi wa vijijini hudhani ya kuwa habari za vyuo vikuu si habari zao. Husema, "Hayo ni mambo ya wakubwa wa mijini, sisi tuna shule yetu ya msingi, yatutosha." Katika makala hii twataka kuonyesha ya kuwa sivyo. Jinsi chuo kikuu kinavyomtafuta mwalimu wake wa hesabu, na jinsi kinavyomkalisha akiisha kupatikana, ni jambo linalofika mpaka ubao wa darasa la kijiji.

Mwaka 2022, katika mtihani wa Kidato cha Nne wa Tanzania, watahiniwa kama 20 tu katika kila 100 ndio waliofaulu hesabu. Nani wa kulaumiwa? Mtoto hufundishwa na mwalimu wa shule. Mwalimu wa shule hufundishwa na mwalimu wa chuo. Na mwalimu wa chuo naye alifundishwa na mtu, akaitwa na watu, akapewa kazi kwa mapatano fulani. Huu ni mnyororo, na pete ya mwisho ikilegea, hata ya kwanza haina nguvu.

Mjini Tabora kiko leo Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, tawi la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na kazi yake kubwa ni kulea waalimu. Kwa hiyo swali la waalimu wa vyuo si swali la Dar es Salaam tu. Limekuja kukaa katika nchi ya Unyanyembe yenyewe. Na nchi hii yafahamu kazi ya kuajiri watu kuliko nchi nyingi, maana kwa miaka mingi ilikuwa soko la wapagazi. Basi na tuiulize njia ya zamani, tusikie itatujibu nini.

Mapatano ya njiani

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, njia kuu ya bara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe. Hapo iligawanyika: tawi moja lilikwenda Ujiji, jingine likapanda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipotoka pwani mwaka 1857, walitembea siku 134 ndipo wakauona mji, uliokuwa ukiitwa Kaze. Mizigo yote ilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, ambao kwao upagazi ulikuwa kazi ya sifa. Mtu alichukua kadiri ya frasila mbili, na juu yake mkeka wake na chungu chake.

Mpagazi alipatana na mwenye mali kwa safari moja: toka hapa mpaka pale, kwa ujira wa merikani kadha wa kadha, sehemu mkononi kabla ya kuondoka, na posho njiani. Msafara ukifika, mapatano yamekwisha. Mvua zilipokaribia, watu walipatikana kwa shida hata kwa ujira mkubwa, kwa kuwa shamba halimngoji mtu.

Desturi hiyo ilifaa sana kwa kazi ile. Mzigo wa nguo ukitolewa kichwa hiki ukawekwa kichwa kingine haupungui. Pembe ya ndovu ni ileile, ichukuliwe na huyu au na yule. Walakini elimu si mzigo wa namna hiyo. Mwalimu akiondoka, huondoka na mzigo wake, na yule ajaye huanza upya, hawajui wanafunzi, wala hajui mwenzake aliishia wapi.

Tena njia ile yatufundisha ya kuwa kukosa watu ni jambo zito hata kwa mtu mashuhuri. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, toka Februari hata Agosti mwaka 1872, akingoja watu. Dawa alikuwa nazo, vitabu alikuwa navyo, na nia ya kwenda alikuwa nayo. Lakini hakuweza kwenda hatua moja mpaka watu walioajiriwa na Stanley pwani walipofika. Hivyo ndivyo kilivyo chuo chenye majengo, vitabu na wanafunzi, kisha hakina waalimu. Kimekaa Kwihara.

Wasomi wawili wa njia hii

Katika watu wale waliotumwa na Stanley alikuwamo kijana msomi, Jacob Wainwright. Alikuwa amekombolewa utumwani, akasoma katika shule ya misheni huko Nasik, Bara Hindi. Livingstone alipokufa mwaka 1873, Jacob ndiye aliyeandika orodha ya vitu vya marehemu, akasoma sala za maziko, akachonga maneno katika mti. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa mmoja wa waliolishika jeneza katika kanisa la Westminster, London. Walakini baada ya heshima hiyo yote hakupata mahali pake pa kudumu. Alitumika hapa, akatumika pale, pwani na Buganda, na mwisho akawa katika misheni ya Urambo, magharibi ya Tabora. Elimu yake ilikodiwa kama mabega ya mpagazi, kituo kwa kituo. Hatusomi popote ya kuwa aliachiwa shule aijenge iwe yake, wala wanafunzi wa miaka 20 wa kumwita baba.

Sasa tumtazame msomi wa pili, Adrian Atiman. Yeye alizaliwa Afrika ya Magharibi, upande wa Timbuktu, akaibwa utotoni akauzwa. Mapadri Weupe wakamkomboa, na Kardinali Lavigerie akampeleka kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine kujifunza uganga. Alipokwisha kusoma alitumwa huku kwetu, akafika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Hapo alikaa. Alioa binti wa nchi, akajua lugha ya watu, akatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipokufa mwaka 1956. Ni miaka 67 mahali pamoja!

Wote wawili waliuzwa utotoni, wote wawili walisomeshwa na misheni, wote wawili walikuwa hodari. Tofauti yao haikuwa akili. Tofauti ni hii, ya kuwa mmoja aliajiriwa kwa safari, na wa pili aliandaliwa kwa mahali. Waliomsomesha Atiman walijua tangu mwanzo kazi atakayoifanya, na alipofika alikuta nafasi yake imekwisha kuwekwa.

Barua mbili za mwaka 1945

Hadithi ya tatu ni ya Tabora yenyewe. Mwaka 1945 kijana mmoja, Julius Nyerere, aliyekuwa amesoma katika Shule ya Serikali ya Tabora, alikuwa akimaliza masomo ya ualimu huko Makerere. Waalimu wa Kiafrika wenye cheti cha Makerere walikuwa wachache mno, na shule mbili za mji huo mmoja zilimtaka. Padre Richard Walsh alimwandikia kumwita katika shule ya misheni ya St. Mary's, na ile shule ya serikali nayo ilimtaka. Inasimuliwa ya kuwa upande wa serikali ulimwonya kuwa miaka atakayoitumia katika shule ya misheni haitahesabiwa katika malipo yake ya uzeeni. Walidhani neno hilo litamvuta. Kumbe lilimkaza katika kukataa, akaenda St. Mary's, akafundisha elimu ya viumbe na historia toka 1946 hata 1949.

Yafaa tuipime habari hii pande zote. Upande mmoja twaona ya kuwa fedha peke yake haimpati mwalimu. Mtu hutazama pia ni nani anayemwita, na anamwita kwa heshima gani. Upande mwingine tusijidanganye. Wengi wenye watoto na wazazi wa kulisha wangaliifuata pensheni, na wasingalikuwa na kosa. Hata Nyerere mwenyewe hakukaa Tabora siku zote. Mwaka 1949 alikwenda chuo kikuu cha Edinburgh, na aliporudi alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Shule inayomsaidia mwalimu wake kusoma zaidi yafanya vema; lakini isipomwekea njia ya kurudi, imewasomeshea wengine.

Kazi ya kumpata mwalimu wa hesabu

Tumeona mambo ya zamani. Sasa tueleze jinsi chuo kikuu kinavyomwajiri mwalimu wa hesabu. Kwanza hutangaza nafasi, na elimu inayotakiwa. Waombaji huleta vyeti vyao, maandiko yao ya utafiti, na barua za wasomi wanaowafahamu. Walio bora huitwa, huulizwa maswali, na mara nyingi hutakiwa kufundisha mbele ya waamuzi, ili ionekane kama mtu anajua kueleza anachokijua. Hapa hesabu ina shida yake. Mtu asiyekuwa mwanahesabu hawezi kupima utafiti wa mwanahesabu. Kwa hiyo idara isiyo na wataalamu hata wawili yashindwa kuchagua, na kwa kuwa haichagui vema, yazidi kukosa wataalamu.

Akiisha kuajiriwa, mwalimu hukaa kwanza katika muda wa majaribio, kisha huthibitishwa kazini. Daraja zake ni hizi: Mkufunzi Msaidizi, Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, na Profesa. Huko Marekani desturi ni kali zaidi: mwalimu mpya hupewa kadiri ya miaka sita ya kufundisha na kutafiti, ndipo wenzake huamua. Wakimkubali, nafasi ni yake mpaka uzeeni, wala haondolewi ila kwa sababu kubwa. Wakimkataa, sharti atafute mahali pengine. Maana ya desturi zote hizi ni moja. Chuo kinamwambia mwalimu, "Tuonyeshe ya kuwa wafaa, nasi tutakupa mahali pa kukaa." Ni ahadi ya pande mbili.

Kwa nini ahadi hiyo ni ya lazima hasa katika hesabu? Tuhesabu miaka. Kijana aliyemaliza Kidato cha Sita husoma miaka mitatu kwa shahada ya kwanza, miwili kwa ya pili, kisha mitatu au minne au zaidi kwa udaktari. Hiyo haipungui minane, na katika muda huo rafiki zake wamekwisha kujenga nyumba. Tena mwenye hesabu anatakiwa na wengi: mabenki, bima, kampuni za simu, na ofisi za takwimu. Kama chuo hakimwahidi kitu cha kudumu, atakaa kwa nini?

Mlimani na njia yake

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, kikiwa chuo kidogo cha sheria, chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1965 kikaanza kufundisha sayansi. Mwaka 1970 kikasimama peke yake. Mwanzo waalimu wake wengi walikuwa wageni wa mkataba, waliokaa miaka michache kisha wakarudi makwao. Hatuwadharau, maana bila wao mlango usingalifunguka. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini shamba halirithiwi na mgeni anayejua siku yake ya kuondoka.

Basi chuo kikaanza kuchagua wanafunzi wake walio bora, kikawafanya wakufunzi wasaidizi, kikawapeleka kusoma, kikawangoja warudi. Tutaje mmoja, Verdiana Masanja, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1954. Alisoma hesabu na fizikia hapo Dar es Salaam, akapata shahada ya kwanza mwaka 1976 na ya pili mwaka 1981, akaenda Berlin, Ujerumani, akarudi na udaktari. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata udaktari wa hesabu. Alifundisha Dar es Salaam kwa miaka mingi, kisha akafundisha Rwanda, na baadaye katika chuo cha Nelson Mandela huko Arusha. Wazazi wanaosema hesabu si kazi ya binti, na walitafakari habari hiyo.

Walakini njia hii nayo iliharibika mahali. Katika miaka ya 1980 maisha yalikuwa magumu, na wahadhiri wengine walikwenda kufundisha nchi za kusini kama Botswana na Lesotho. Katika miaka ya 1990 serikali ilizuia ajira mpya, na vijana hawakuingia kwa wingi nyuma ya wazee. Pengo la namna hiyo halionekani siku ile. Huonekana baada ya miaka 20, wazee wanapostaafu. Ndiyo sababu mojawapo ya maprofesa na wahadhiri waandamizi kuruhusiwa kufanya kazi mpaka miaka 65, hali watumishi wengine hustaafu wakiwa na 60. Kisha vikaongezeka vyuo vipya, kama Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, na kila chuo kipya hutafuta waalimu katika kisima kilekile. Ukichota ndoo mbili katika kisima kidogo, hukuongeza maji.

Iko na njia nyingine. Mwaka 2014, hapo Bagamoyo palipoanzia misafara, ilifunguliwa taasisi ya hesabu, tawi la ile ya Afrika iliyoanzia nchi ya Afrika Kusini. Desturi ya taasisi hizo ni kualika wasomi wa nchi mbalimbali, kila mmoja afundishe kwa muda wa majuma matatu, kisha apishe mwenziwe. Kijana hupata kuwasikia mabingwa ambao asingaliwaona maishani. Hii ni faida kubwa, nasi twaisifu. Lakini hata huko wako wakufunzi wanaokaa na wanafunzi usiku na mchana, maana imejulikana ya kuwa mwalimu wa kupita huwasha moto, na wa kukaa huchochea kuni. Chuo chenye wa kupita tu hubaki na majivu.

Shauri letu

Sisi waalimu wa shule twasema hivi kwa wenye vyuo vya huku bara. Msingoje nafasi iwe wazi ndipo mtafute mtu. Mwanahesabu wa mwaka wa kumi ujao ni mtoto aliye Kidato cha Nne leo. Mchagueni mapema, msomesheni kwa mapatano yaliyo wazi, mwekeeni nafasi ya kurudia. Akirudi, mpeni mwenzake wa kusemezana naye, maana mwanahesabu mmoja peke yake hudhoofika kama kaa lililotolewa motoni. Mpeni saa za utafiti, nyumba ya heshima, na mshahara usiochelewa. Na akiisha kuonyesha ya kuwa afaa, mthibitisheni upesi. Msimweke miaka mingi katika mikataba mifupi kama mpagazi anayengoja msafara. Chuo kisichoweza kulipa kama wengine na kishike lile kilicho nalo, yaani neno la kweli na heshima.

Na kwa wasomaji wetu wa vijijini twasema hivi. Kazi hii yaanza kwenu. Mtoto apendaye hesabu asiondolewe shuleni wakati wa mavuno ya tumbaku, wala binti asiozwe kabla ya kumaliza. Mwalimu wa hesabu akiletwa kijijini, mtafutieni nyumba njema, mfanyeni mwenyeji, ili asiombe uhamisho kabla ya mwaka kwisha. Mkifanya hivyo, mmetenda katika kijiji lile tunalolidai kwa chuo kikuu.

Njia ya misafara imekufa; miembe iliyopandwa zamani za misafara bado yatoa kivuli Tabora. Wapagazi walipita kwa maelfu, wakastahili ujira wao. Lakini kivuli twakipata kwa wale waliokaa wakapanda.